Umeposti Picha ya Ndege, Kumbe Uko Picha ya Ndege

Wadau, kuna mchezo mastaa wetu wa Bongo wanaucheza vizuri sana. Picha ya dirishani, bawa la ndege linaonekana, mawingu yako chini, lokesheni imeandikwa "Dubai", kapsheni maneno mawili ya Kiingereza, komenti zimefungwa. Kesho yake mtu anapishana naye Kibaha, kituo cha Picha ya Ndege, kavaa kandambili, anasubiri chipsi mayai. Picha ya ndege ilikuwepo kweli, ila ni ile ya Barabara ya Morogoro.

Jina kapuni. Tena simsemi mmoja, maana wapo wa Bongo Fleva, wapo wa Bongo Muvi, na wapo wale ambao hatujui wanafanya kazi gani ila wana wafuasi laki tano. Sina ugomvi nao. Kuhamia Picha ya Ndege ni akili, siyo aibu. Unapata kiwanja unapumua, unakuwa mbali na kelele za mjini, na ukitaka Dar unapanda gari unashuka Mbezi. Aibu iko kwenye kuona kwamba bila Dubai wewe si mtu.

Ila leo sikuja na umbea wa nani anaishi wapi. Nimekuja na jambo ambalo staa wa Dubai-ya-Kibaha na mimi na wewe tunalo sawa. Binadamu unaweza kumdanganya ulipo. Simu yako huidanganyi kirahisi. Na siku hizi pale ulipo ndipo panapoamua kipi kifunguke na kipi kigome. Kuna mageti hewani, bana. Huyaoni, ila kila siku unapita au unazuiwa.

NANI ANAJUA ULIPO?

Tuanze na mnara. Simu ikiwa imewaka na laini imo ndani, inawasiliana na minara iliyo karibu hata kama huna bando, hata kama hujapiga simu wiki nzima. Lazima iwe hivyo, la sivyo mtu akikupigia mtandao utakutafutia wapi? Kila kipande cha eneo kinachohudumiwa na mnara kina namba yake. Kwa hiyo kampuni ya simu inajua uko upande gani. Kwa teknolojia ya zamani ya 2G, mnara unaweza hata kukadiria umbali wako kwa hatua za mita 550 hivi, kwa kupima mawimbi yanachukua muda gani kufika. Minara ikiwa miwili au mitatu, duara linazidi kuwa dogo.

Wa pili ni Wi-Fi. Simu yako inasikia ruta za majirani hata kama hujaunganishwa nazo. Google na Apple wana orodha kubwa za ruta na mahali zilipo, ndiyo maana ukiwa ndani ya nyumba ya bati ambako GPS inasumbua, ramani bado inakuonyesha karibu na pale ulipo.

Wa tatu ndiyo GPS yenyewe, na hapa watu wengi wanachanganya. Wanadhani setilaiti inawaangalia. Hapana. Setilaiti inatangaza tu, kama redio. Simu yako ndiyo inayosikiliza na kupiga hesabu. Anayetoa siri ni ile programu uliyoibonyezea "ruhusu" bila kusoma. Mara nyingine ni programu ya tochi. Tochi inataka kujua unaishi wapi ili iweje?

Wa nne ni anwani ya IP, ambayo inaonyesha uko nchi gani, lakini kwenye mji mara nyingi inabahatisha. Mtu anayetumia bando akiwa Kibaha anaweza kabisa kuonekana yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo wale ndugu zetu wa Picha ya Ndege ambao wakiulizwa wanakaa wapi wanajibu "niko Dar," leo nimewaletea wakili. Wakibanwa waseme waulize IP.

MAGETI TULIYOYAZOEA

Sasa hayo maarifa yakishakuwepo, mtu anaweza kujenga geti. Ukiwa ndani ya mstari unapita, ukiwa nje unagota.

Wapenzi wa muziki mnakumbuka. Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021. Kabla ya hapo nyimbo za wasanii wetu zilikuwa mle ndani, dunia inazisikiliza, sisi tuliozizaa tunaambiwa huduma haipo nchini kwenu. Vijana wakajifunza VPN wakitafuta nyimbo tu, siasa hawana habari nayo. Ni sawa na kupika ubwabwa wa shughuli halafu unazuiwa mlangoni.

Wale wa kutengeneza video nao wana lao. TikTok ina mpango wa kuwalipa watengeneza maudhui kwa kutazamwa, lakini mpango huo ni wa nchi chache kama Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Tanzania hatumo. Video yako inaweza kutazamwa na milioni moja na usipate hata nauli ya kwenda Mlandizi. Ndiyo maana mjini kuna biashara ya kufungua akaunti "za Marekani", na kuna watu wenye majina makubwa ambao akaunti zao zina uraia kuliko wao wenyewe. Huwa tunawacheka, ila mimi nauliza: mtu anayedanganya alipo ili alipwe kazi yake halali, na kampuni inayosema jasho la Kibaha halina thamani ya jasho la California, nani wa kuchekwa?

Halafu kuna Starlink, ile intaneti ya setilaiti. Sahani yake inajijua iko wapi duniani. Aprili 2024 kampuni hiyo iliwaandikia wateja waliokuwa wanaitumia kwenye nchi ambazo haijaruhusiwa, wakiwemo walio maeneo kama Afrika Kusini, Zimbabwe na Sudan, kwamba mwisho wa mwezi huduma itakatwa. Sahani ni yako, umelipia, iko juu ya paa lako, ila ruhusa haiko mikononi mwako.

MENGINE NI YA HERI

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mageti mengine tunayahitaji.

Benki ikiona kadi iliyotumika Kibaha asubuhi inajaribu kutoa pesa nchi nyingine mchana, ni vizuri igome kwanza iulize. Mtu akipata ajali Barabara ya Morogoro usiku, hajui yuko kilomita ya ngapi, damu inamtoka, ni vizuri simu yake ijulikane ilipo haraka. Hapo hakuna anayedai faragha.

Hata kwenye burudani yapo. Marekani kuna kampuni inaitwa Yondr, ilianza 2014. Ukiingia kwenye shoo simu yako inawekwa kwenye kipochi kinachojifunga. Unakaa nacho mwenyewe, lakini hakifunguki mpaka utoke eneo la shoo ukiguse kwenye kifaa chao. Wachekeshaji wakubwa wa kule wanakitumia ili vichekesho visivuje. Na 2016 Apple walipewa hataza ya mfumo ambao mwanga usioonekana kwa macho ungeweza kuiambia kamera ya simu isirekodi ukumbini.

Sasa njoo kwetu. Staa anafanya sherehe nyumbani, hataki picha za watoto wake zisambae. Anawaambia wageni tangu kwenye kadi: simu zinabaki getini, mkitoka mnachukua. Nani atamlaumu? Oktoba 2016 staa mmoja wa kike wa Marekani aliwekewa bastola akaporwa vito vyake Paris, mji aliokuwa akijianika mtandaoni kila hatua. Kuanzia hapo wengi wao huposti wakishaondoka mahali. Mabinti zetu wa mjini wanaoposti laivu "niko peke yangu leo" na jina la mtaa wameliweka hapohapo, hili nalo wanisikie.

Ila angalia geti la sherehe lilivyo. Umeambiwa mapema. Unaweza kukataa, ukarudi nyumbani kula ugali wako. Linaishia ukutani, halifuati mtu hadi barabarani. Na ukitoka limekwisha. Hiyo ndiyo adabu ya geti. Shika hayo manne, tunayahitaji sasa hivi.

GETI LA NCHI NZIMA

Oktoba 2020, wakati wa Uchaguzi Mkuu, Watanzania walikuta WhatsApp, Twitter na mitandao mingine inagoma. Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wazitolee taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Mei 2025 mtandao wa X ukazimwa nchini. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti yenyewe ikakatwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba.

Jirani zetu nao wamo. Uganda walizima intaneti Januari 2021 kwenye uchaguzi wao, na hata iliporudi Facebook ilibaki imefungwa. Kenya Novemba 2024 waliibana Telegram kwa sababu ya wizi wa mitihani ya kidato cha nne.

Huo mfano wa Kenya uangalie vizuri. Tatizo lilikuwa karatasi za mtihani kusambazwa. Mtihani unafanyikia wapi? Chumbani. Kuna msimamizi, kuna mlango, simu unaweza kuzikusanya kwenye boksi. Geti la chumba lingefanya kazi kubwa, lakini likafungwa geti la nchi, na muuza nguo wa Mombasa anayewasiliana na wateja kwa Telegram akajikuta naye ni mtahiniwa.

Kwetu ni hivyohivyo, ila mara kumi. Najua upande wa pili una hoja, na siyo hoja za kijinga. Wanasema mtandaoni kuna picha chafu, kuna uchochezi, kuna akaunti zinazodukuliwa zikaposti upuuzi kwa jina la taasisi. Ni kweli yapo. Mzazi wa Picha ya Ndege mwenye mtoto wa miaka kumi anayeshika simu anaelewa hofu hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini ukitafuta mwizi kwenye nyumba moja huzimi umeme wa wilaya nzima, halafu ukakaa kimya usiseme utawashwa lini.

Na kuna kichekesho ambacho hakichekeshi. Mtu akiwa na laini ya nje anatumia rominga hapa nchini, kwa kawaida data yake inazungushwa kwanza kwenye mtandao wa kwao ndipo iende duniani. Maana yake ni hii: mgeni na laini yake ya Nairobi anaweza kukaa benchi moja na wewe hapo kituoni, mnapigwa na jua lilelile, mnashika mnara uleule, yeye X inafunguka, wewe inazunguka tu. Wote mko sehemu moja. Aliyefungiwa ni mwenyeji. Ukiniambia hapo tunalinda maadili ya eneo hili, nitakuuliza ya eneo lipi, maana eneo ni moja na mmoja wetu anaona.

Mwenye pesa naye ana njia yake. Staa ambaye meneja wake yuko nje hakosi kuposti. Akaunti inaendelea kung'aa, tangazo la sabuni linatoka, "good vibes only". Nyumbani watu wanatafutana, mtu hajui mdogo wake aliyekwenda mjini yuko hai au vipi. Ndipo intaneti iliporudi Novemba 2025 mkaona kilichotokea: mashabiki wakaanza kuwaacha kuwafuata mastaa, mmoja baada ya mwingine, hasa wale waliopiga kampeni halafu wakanyamaza. Wengine walishangaa, wakaita chuki. Mimi naona kingine. Mtu aliyekaa gizani siku tano halafu akawasha simu akakuta unatangaza manukato, anakuuliza swali rahisi tu: wewe ulikuwa wapi? Hapo lokesheni ya Dubai haikusaidii.

Anayeumia zaidi hana hata akaunti yenye tiki. Ni dada anayeuza vijora kwa WhatsApp, anapokea oda Kibaha na kutuma hadi Morogoro. Ni bodaboda anayeitwa kwa meseji za kundi. Ni kijana anayehariri video za harusi, mteja yuko Mwanza anasubiri faili. Hao hawakuambiwa mapema, hawawezi kukataa, geti halina ukuta wala tarehe. Yale manne ya sherehe, hapa hakuna hata moja.

GETI LA CHUMBANI

Kabla hamjaniambia nimeingia siasa, njooni kwenye mapenzi, maana ugonjwa ni uleule.

"Baby tuma lokesheni." Sentensi tamu hiyo. Mwanzo ni kuhofia usalama: umefika salama? Baada ya miezi miwili ni sheria: usipotuma, kuna kitu unaficha. Wapo wachumba, na wapo mastaa wa ndoa za kwenye magazeti, ambao mmoja ana ramani ya mwenzake saa ishirini na nne. Akikaa dakika kumi zaidi saluni, simu inaita. Akipita mtaa ambao hauko kwenye ratiba, kuna kesi jioni. Kwenye komenti tunaandika "couple goals". Goli gani hilo ambalo mmoja yuko kifungoni?

WhatsApp ukitaka kumtumia mtu lokesheni ya moja kwa moja inakupa chaguo tatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Hakuna "milele". Waliotengeneza walielewa jambo ambalo wapenzi wengi na serikali nyingi hawajaelewa: ruhusa ya kujua mtu alipo lazima iwe na mwisho. Ukitaka tena, omba tena.

Anayekupenda anaomba, na ukisema "leo hapana" anabaki anakupenda. Anayekumiliki haombi. Na mtu akizoea kufungiwa chumbani akaona ndiyo mapenzi, akifungiwa na nchi ataona ndiyo usalama. Vyote tunajifunza mahali pamoja.

TUFANYEJE?

Sheria si kwamba hatuna. Katiba yetu ibara ya 16 inazungumzia faragha ya mtu na mawasiliano yake, na ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na kupata taarifa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mahali ulipo ni taarifa yako binafsi kama zilivyo namba yako ya NIDA na alama za vidole ulizosajilia laini. Ni vile tu tunaikumbuka sheria hiyo picha zetu zikivuja, siku nyingine tunabonyeza "ruhusu, ruhusu, ruhusu" kama tunapokea sadaka.

Msimamo wangu ni huu. Siombi hewa isiyo na geti hata moja. Naomba kila anayefunga, awe kampuni, serikali au mchumba, ajibu maswali manne ya mlinzi wa sherehe. Umeniambia mapema? Naweza kukataa, au kukata rufaa? Geti lako linaishia wapi? Linafunguliwa lini? Akishindwa kujibu, hilo siyo geti tena. Hicho ni kifungo, hata kama kimefungwa na mtu anayetabasamu.

Na kwa upande wetu kuna kazi ya dakika tano. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako leo, angalia programu zipi zinajua ulipo, zima zisizohusika. Ramani na usafiri ziruhusu unapozitumia tu. Tochi, kikokotoo na mchezo wa karata waambie kwaheri. Hiyo haitafungua geti la nchi, ila angalau utajua funguo zako umezigawa kwa nani.

Kwa mastaa wangu wa Picha ya Ndege, Tumbi, Maili Moja na Kiluvya, neno la mwisho. Siku moja posti kutoka hapo hapo ulipo. Weka lokesheni ya kweli ukishaondoka, kwa usalama wako, ila iweke. Mashabiki wako nao wako huko, wanapanda gari lilelile, wanashika mnara uleule. Siku geti likifungwa tena, watataka kujua kama wewe uko nao ndani au unawapungia mkono kutoka kwenye dirisha la ndege.

Haya, wewe mwenzangu: mchumba wako ana lokesheni yako muda wote? Na intaneti ilipokatwa Oktoba ulikwama na nini? Funguka hapo chini, matusi hapana.